Usimwingie Miike kwa mlango wa damu

Diski niliinunua stendi kwa elfu mbili. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito, SAMURAI NOMA, na ndani kulikuwa na filamu sita zilizobanwa mpaka nyuso za watu zikawa kama zimepakwa uji. Ya tatu ilikuwa 13 Assassins. Ikaenda vizuri kwa muda mrefu, wazee wa Kijapani wamekaa kwenye mikeka wakizungumza polepole, mpaka msafara wa adui ukaingia kijijini, njia zikaanza kuzibwa nyuma yao, na hapohapo diski ikakwama. Niliifuta kwa shati, nikaipulizia, nikaiosha kwa maji na sabuni kama tulivyofundishana mtaani. Ikakataa katakata. Wiki tatu nilitembea na swali moja kichwani: hawa watu kumi na watatu watawafanya nini watu mia mbili?

Nilipoipata nzima nikatafuta jina la mwongozaji: Takashi Miike. Nikamwuliza jamaa yangu mmoja, mlevi wa filamu, nitazame ipi nyingine ya huyu mzee. Akacheka, akanipa Ichi the Killer bila kusema neno. Nikaiweka sebuleni saa mbili usiku, mama mkwe akiwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Sitasimulia mengi. Haikupita robo saa nikawa nimesimama mbele ya televisheni kama golikipa anayesubiri penalti, rimoti imepotelea kwenye makochi, na mama amegeuza uso ukutani akivuta uradi.

Kwa hiyo naandika kwa ajili ya mtu aliyesikia jina la Miike, akavutiwa, na hajui aanzie wapi. Watu wengi humwingia kwa mlango wa damu kwa sababu ndio mlango uliopakwa rangi na kutangazwa. Wanaangalia filamu moja ya kutisha kuliko zote, ama wanakimbia ama wanabaki kuhesabu maiti, na pande zote mbili zinatoka bila kumwona mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni huyu. Alizaliwa mwaka 1960 huko Yao, mji ulio pembeni ya Osaka. Alisoma katika chuo cha filamu cha Yokohama kilichoanzishwa na Shohei Imamura, mmoja wa waongozaji wakubwa wa Japani, kisha akatumika miaka mingi kama msaidizi kwenye vipindi vya televisheni na kwenye filamu, zikiwemo za Imamura mwenyewe. Alianza kuongoza mwaka 1991. Filamu ya Blade of the Immortal ilipotoka mwaka 2017 ilitangazwa kuwa ni ya 100 kwake, na hajaacha kuongoza tangu hapo.

Mtu anafikishaje filamu mia? Jibu liko kwenye kanda. Mwaka 1989 kampuni ya Toei ilianzisha kile ilichokiita V-Cinema: filamu zinazotengenezwa kwa fedha kidogo na kwa haraka, zisipite kwenye kumbi za sinema, ziende moja kwa moja kwenye maduka ya kukodisha kanda. Sisi tuliokua na Bongo Movie za kukodi mtaani hatuhitaji kuelezwa biashara hiyo. Mwenye duka anataka picha ya bunduki kwenye kasha, anataka sura mbili zinazojulikana, anataka mzigo mpya kila mwezi. Ukimpa hayo, yaliyomo katikati hayamhusu. Miike alikulia kwenye upenyo huo. Alitoa bunduki na majambazi kama alivyoagizwa, na katikati akatia mambo ambayo hakuna aliyemwagiza.

Kwa hiyo usimfikirie kama mshairi anayejifungia chumbani miaka mitano akitunga kitu kimoja. Mfikirie kama fundi cherehani mwenye kibao barabarani. Asubuhi ameshona sare za shule, mchana kanzu, jioni gauni la bi harusi, na kesho yake kuna mtu kaleta kitambaa cha ajabu naye hajakataa. Ameongoza filamu za majambazi, za samurai, za watoto, za mizimu, za kuimba na kucheza, za katuni zilizogeuzwa kuwa za watu, na mfululizo wa televisheni huko Korea. Nyingine amezishona kwa mkono mmoja huku akiangalia saa. Usijitwishe kazi ya kuzitazama zote, wala usifuate mpangilio wa miaka. Filamu ikikuchosha nusu saa ya kwanza, ondoka bila kujilaumu. Isipokuwa Audition. Hiyo nitaifikia.

Kuna jambo la kulifuta kichwani kabla hujaanza. Wengi wetu filamu za Asia tulizipatia kwenye vibanda umiza, kwenye mabenchi ya mbao, mtafsiri akiweka Kiswahili juu ya sauti ya Bruce Lee na Jackie Chan. Pale kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: steringi hafi. Anapigwa, anafiwa na mwalimu wake, anakwenda mlimani kufundishwa upya, anarudi kulipiza. Ile ilikuwa Hong Kong. Japani ya Miike haina sheria hiyo. Steringi anakufa, tena wakati mwingine anakufa ovyo, kwa risasi ya mtoto wa juzi au akiwa chooni. Mapigano hayana madoido ya kungfu. Watu wanachoka, wanateleza kwenye matope, upanga unagoma kutoka mwilini mwa mtu. Ukikaa ukisubiri mwalimu mwenye ndevu nyeupe aje na siri ya mwisho, utamaliza filamu ukidhani umeibiwa.

Anza na 13 Assassins ya mwaka 2010. Ni marudio ya filamu ya Eiichi Kudo ya 1963, na kisa ni chepesi kushika. Mwaka ni 1844. Bwana Naritsugu, mdogo wake shogun, anaua na kubaka kwa raha zake, na karibu atapewa cheo kikubwa serikalini. Kumshtaki haiwezekani kwa kuwa ni damu ya mtawala. Basi mzee mmoja wa serikali anamwita kwa siri samurai aitwaye Shinzaemon, anayeigizwa na Koji Yakusho, ampe kazi ya kumwua njiani.

Sasa tazama jinsi kazi hiyo inavyotolewa, kwa sababu Miike mzima yumo humo. Shinzaemon analetewa mwanamke. Naritsugu amemkata mikono na miguu, amemkata na ulimi. Mzee anamwuliza, jamaa zako walipatwa na nini? Mwanamke hawezi kujibu. Anauma brashi ya wino kwa meno, anainama juu ya karatasi, anaandika huku akitoa sauti ambayo si kilio wala si neno. Maandishi yake yanasema kuwa wote wameuawa, hakubaki hata mmoja. Mwongozaji mwingine angetuonyesha mauaji yenyewe. Miike, huyu anayesemwa kuwa hajui kujizuia, anakuonyesha mtu anayeandika. Na karatasi ile haipotei. Baadaye kabisa, kijijini, msafara umeshanasa, Shinzaemon anasimama juu na kuikunjua mbele ya adui: maneno ya yule mwanamke yamegeuka kuwa hukumu yao. Vita inayofuata inachukua karibu dakika 45. Nilipoitazama mara ya kwanza bila kukwama nilielewa kwa nini ile saa ya mazungumzo ilikuwepo. Bila karatasi ile, dakika 45 za panga ni kelele tupu.

Ukiipenda, usikimbilie samurai wengine. Rudi nyuma, uende kwenye filamu ndogo ya mwaka 1997 iitwayo Rainy Dog. Hii ndiyo ninayowapa watu wanaoniambia Miike ni kichaa.

Yuji ni jambazi wa Kijapani aliyetupwa na kundi lake, anaishi Taipei. Mchana anabeba nyama ya nguruwe mabegani, akipewa kazi ya kuua anaua. Mvua ikinyesha hatoki nje, anaamini ni nuksi, na Taipei ya filamu hii mvua haikatiki. Siku moja mwanamke anabisha hodi, anamsukumia mtoto wa kiume asiyeweza kuzungumza, anamwambia huyu ni wako, anaondoka. Yuji hamjibu mwanamke na hamwangalii mtoto. Hamfukuzi, hamkaribishi. Anafunga mlango. Mtoto anabaki uchochoroni, anapata rafiki wa kulala naye huko nje, mbwa. Asubuhi Yuji anatoka, mtoto anamfuata hatua kadhaa nyuma. Anakwenda kuua mtu, mtoto yuko nyuma anatazama. Hakuna muziki wa kukuambia ulie. Hakuna siku ambayo baba anapiga magoti na kuomba msamaha. Kuna mvua, kuna mtu anayetembea, na kuna kitoto kinachotembea nyuma yake kwa sababu hakina pengine pa kwenda.

Nimeishi mjini miaka mingi na nimewaona watoto wa namna hiyo wakifuata watu wazima stendi. Huenda ndiyo maana filamu hii ilinishika kuliko zote. Ni ya saa moja na nusu hivi, itazame usiku mmoja.

Hapo ndipo penye ufunguo ninaotaka kukupa. Kila unapofungua filamu ya Miike, jiulize: ni nani humu hana kwao? Rainy Dog ni ya pili katika filamu tatu zinazotajwa pamoja, ingawa visa vyake haviungani. Ya kwanza ni Shinjuku Triad Society ya 1995, ambapo polisi anayewasaka majambazi wa Kichina mjini Tokyo ana damu ya Kichina mwenyewe, na mdogo wake anafanya kazi upande wa pili. Ya tatu ni Ley Lines ya 1999, ya vijana wa asili ya Kichina waliokulia Japani wasikopokelewa, wanaokimbilia Tokyo wakiota kupanda meli kwenda Brazil. Ukiwa na swali hilo mkononi, damu inabadilika sura. Wanaouana sana kwa Miike ni watu ambao hakuna ukoo, kijiji wala kundi lililowahi kuwaambia karibu ndani. Wakipata familia wanaishika kwa nguvu mpaka wanaivunja. Msomaji aliyezaliwa mpakani, au ambaye babu yake aliambiwa siku moja kuwa si raia wa mahali kilipozikwa kitovu chake, hatahitaji kufafanuliwa.

Na ukitaka kuona upande wa swali hilohilo usio na damu nyingi, tafuta The Bird People in China ya 1998. Mfanyakazi wa ofisi na jambazi mmoja mwenye hasira wanatumwa Yunnan kutafuta madini ya jade. Gari linawafia, wanapanda mashua inayokokotwa na kasa, wanafika kijiji cha milimani ambako watoto wamevaa mabawa ya kutengeneza wakijifunza kuruka, na msichana mwenye macho ya buluu anaimba wimbo wa Kiskoti aliourithi kwa babu yake, rubani wa Kiingereza aliyeanguka huko. Yule jambazi, mtu wa kufoka na kupiga, ndiye anayekataa kuondoka. Nimewaonyesha hii watu wanaomchukia Miike na hawakuamini kuwa ni mtu yuleyule.

Sasa Audition, ya 1999. Ushauri wangu kuhusu hii ni mfupi na mkali: usisome chochote kuihusu, usitazame tangazo lake, na usikubali rafiki akusimulie. Nakupa kiasi hiki tu. Mjane wa kiume mwenye kijana mmoja anaambiwa na mwanawe kuwa sasa aoe tena. Rafiki yake, mtengenezaji wa filamu, anamshauri waitishe usaili wa uongo wa mwigizaji, ili akae mezani achague mke bila wanawake wenyewe kujua. Wanawake wanaingia mmoja mmoja. Inachekesha, na ukitulia inatia kichefuchefu, maana wale mabwana wawili wenye suti wanafanya jambo baya huku wakijiona waungwana. Anampenda mmoja, Asami, mpole, mwenye nguo nyeupe. Karibu saa nzima unatazama mapenzi ya watu wazima, polepole, chai na simu. Watu wengi huizima hapa wakidhani wamedanganywa. Usiizime.

Kuna picha moja. Asami yuko chumbani kwake, amekaa sakafuni, kichwa kimeinama, nywele zimemfunika uso. Mbele yake kuna simu. Nyuma yake kuna mfuko mkubwa wa kitambaa uliofungwa. Anasubiri, na unahisi kuwa amekaa hivyo siku nyingi. Simu inaita.

Naishia hapo. Ilipoonyeshwa kwenye tamasha la Rotterdam mwaka 2000 watu walitoka ukumbini, na tamasha hilohilo likaipa tuzo ya wakosoaji wa filamu. Pande zote mbili naziona zina haki. Kitu kimoja ukikumbuke ukiwa katikati ya dakika za mwisho, wakati umefumba macho: rudi kichwani kwenye ile meza ya usaili. Mwandishi wa mswada ni Daisuke Tengan, mtoto wa Imamura, aliyeandika pia 13 Assassins. Si bahati kuwa filamu zote mbili zinauliza anayetendewa atasemaje siku akipata kalamu.

Mashabiki wakongwe watakuambia lazima uione Dead or Alive, ya 1999 pia. Itazame kwa dakika zake za mwanzo na za mwisho. Mwanzo ni kama dakika sita za mji wa Shinjuku kusagwa kwenye blenda: mwanamke anaanguka kutoka ghorofani, mtu anakula tambi bakuli baada ya bakuli, muziki unagonga, risasi, na tambi hazibaki tumboni. Katikati ni filamu ya kawaida ya polisi na jambazi, nzuri kiasi chake. Mwisho siusemi, ila nakwambia kuwa Miike alikuwa na majina mawili makubwa ya filamu za kanda, Sho Aikawa na Riki Takeuchi, wamesimama wanatazamana, na akaona aibu kuwamaliza kama kila mtu angewamaliza. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sehemu ya pili, ya mwaka 2000, haihusiani na ya kwanza ila kwa waigizaji wake. Wauaji wawili waliokua pamoja wanakutana tena kwenye kisiwa chao, na wanaamua fedha za kuua ziende kununua chanjo za watoto wa nchi maskini. Na sisi tunajua ni watoto gani wanaokusudiwa. Ni ajabu kukaa Temeke unatazama jambazi wa Kijapani akiua kwa ajili yako.

Kama nyumbani kwako hakuna anayetaka hayo yote, Miike ana mlango wa vicheko. The Happiness of the Katakuris ni ya familia iliyofungua nyumba ya wageni mashambani. Wageni hawaji. Akija mmoja, anafia chumbani. Wanamzika kimyakimya wasiharibu jina la biashara. Anakuja mwingine, naye anakufa. Katikati ya kuzika wanaimba na kucheza kama picha la Kihindi, na nyuso zao zinaonyesha kuwa wanaimba kwa dhati. Ni marudio ya filamu ya Korea, The Quiet Family, lakini uimbaji ni wa Miike. Mtu aliyewahi kufungua gesti pembezoni mwa mji akasubiri mteja ataielewa kuliko mkosoaji yeyote wa Ulaya. Zebraman ya 2004 nayo ni ya mwalimu wa shule asiyeheshimiwa na mkewe, wanawe wala wanafunzi, anayejishonea usiku nguo ya shujaa wa kipindi cha televisheni cha zamani kilichokatishwa kabla hakijafika popote. Shujaa mwenyewe ni punda milia. Nilidhani nitaidharau kwa kuwa punda milia nawajua wa Mikumi. Ile picha ya mtu mzima akijitazama kwenye kioo na vazi alilolishona vibaya ilinifunga mdomo.

The Great Yokai War ya 2005 ni ya watoto, lakini itazame wewe kwanza. Vibwengo vyake vingine vitamfanya mtoto wa miaka sita ahamie kitandani kwenu.

Hara-Kiri ya 2011 iliingia kwenye mashindano ya Cannes, tena kwa 3D, na ni filamu nzuri, tulivu, yenye muziki wa Ryuichi Sakamoto. Ila ukweli ni kuwa Masaki Kobayashi aliitengeneza mwaka 1962 na hakumwachia mtu nafasi. Tazama ya Kobayashi. Kama una muda baada ya hapo, ya Miike. Ndivyo pia kwa Graveyard of Honor ya 2002, iliyorudia filamu ya Kinji Fukasaku ya 1975, isipokuwa hapo Miike anasimama imara: jambazi wake hana maelezo, hana utoto wa kusikitisha wa kumtetea, anaharibu kila mkono unaomshika mpaka hakuna mkono uliobaki.

Sasa kuhusu kutazama kwenyewe. Tafuta filamu yenye sauti ya Kijapani na maandishi ya tafsiri chini, achana na iliyowekwa sauti za Kiingereza. Watu wa Miike wananong'ona kabla ya kulipuka, na sauti za kubandika zinafuta mnong'ono. Angalia urefu wa nakala yako. 13 Assassins iliyotoka Japani ina dakika 141, ile ya nchi za nje imepunguzwa kwa robo saa hivi. Ya nje inatosha kwa kuanzia. Ichi the Killer ilikatwa zaidi ya dakika tatu Uingereza, kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana kuhusu filamu moja na kila mmoja aliona yake. Diski za stendi mimi nimeachana nazo. Diski yangu ilinifundisha kuwa anayekuuzia filamu sita kwa elfu mbili hajawahi kuitazama hata moja. Baadhi ya kazi zake ziko kwenye huduma za intaneti; Lumberjack the Monster, kwa mfano, iliwekwa Netflix mwaka 2024, ingawa si pa kuanzia.

Tazama ukiwa umeshiba lakini si mara tu baada ya kula. Vaa visikilizio kama kuna wengine ndani. Watoto wawe wamelala kwelikweli, si wale wa kujifanya. Na usikae kutazama uso wa mtu mwingine. Kuna vijana wanaopenda kumwekea mgeni filamu ya Miike ili wamrekodi akishtuka. Ni ukatili mdogo, na Asami wa Audition angekuwa na la kusema kuhusu watu wanaokaa mezani kutazama wengine bila ruhusa.

Nimebakiza ya mlango wa damu, kwa sababu utaulizwa. Ichi the Killer ya 2001 imetoka kwenye katuni ya Hideo Yamamoto. Tadanobu Asano anaigiza jambazi aliyepasuliwa mashavu, anavuta sigara moshi unatoka pembeni ya mdomo, na anamtafuta mtu atakayemwumiza ipasavyo. Ni mwigizaji wa kiwango cha juu, na ndani ya uchafu ule kuna wazo: muuaji mwenyewe, Ichi, ni kijana mliaji anayeongozwa na kumbukumbu za uongo alizopandikizwa na mtu mzima, ili atumike kama kisu. Filamu inataka uone aibu kwa kufurahia. Kwenye mapigano ya wanaume inafanikiwa. Kwenye wanawake, kwa maoni yangu, inashindwa. Mwanamke anapigwa na kubakwa tena na tena, na kamera inakaa pale muda mrefu kuliko wazo linavyohitaji, kisha yeye anasahauliwa na kisa kinaendelea na shughuli za wanaume. Mwanamke mwenye brashi mdomoni kwenye 13 Assassins ameteswa kupita hao, lakini kisa kizima kinamwinamia. Miaka tisa imepita kati ya filamu hizo mbili. Mtu akikwambia kwamba ni ukale kulalamika, kwamba hivyo ndivyo mtindo wake ulivyo, mwambie mtindo huohuo ulijua kufanya vizuri zaidi. Kama wewe au mtu wa karibu nawe amepitia hayo, iache. Hupungukiwi kitu.

Imprint, aliyoitengeneza kwa ajili ya mfululizo wa kutisha wa televisheni ya Marekani, kituo kilichoiagiza, Showtime, kilikataa kuirusha mwaka 2006. Nimeitazama nusu na sijutii nusu iliyobaki.

Nayo Visitor Q ya 2001, iliyopigwa kwa kamera ndogo ya dijitali kwa fedha kidogo mno, inabomoa familia moja kwa kila aibu ambayo mtu anaweza kuifikiria na nyingine asizoweza, kisha mwishoni inaikusanya tena, mama katikati. Wapo watu makini wanaoiona kuwa kazi yake kubwa ya kuchekesha. Nimeitazama yote, mara moja, mchana, mlango umefungwa kwa ufunguo. Sitairudia, na sijamwazima mtu.